Kijiko cha Chumvi Ziwani

Baba yangu alizikwa bila sala, na maneno yaliyomnyima sala hizo yalitoka kinywani mwangu. Hakuna aliyenilaumu waziwazi. Katekista aliyarudia kwa upole, kama mtu anayerudisha jembe aliloazima, na mama aliniangalia mara moja tu, kisha akainama kuokota vikombe vya wafiwa.

Nyumbani kwetu ni upande wa Namswea, mlimani, ambako kila mteremko umejaa mashimo ya ngoro. Mvua zinapokaribia mwisho, wanaume hufyeka majani, huyaacha yanyauke, kisha huyapanga chini kwa miraba mpaka kilima kizima kifanane na wavu ulioanikwa. Wanawake hufuata na majembe. Huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuyafunika yale majani. Tuta linazaliwa pande zote nne, na shimo linabaki katikati kushika maji. Majani hayachomwi. Yanazikwa, yanaoza, yanayalisha maharage, na mwaka unaofuata yanalisha mahindi. Hivyo ndivyo walivyolima babu zetu, na ndiyo maana milima yetu, pamoja na ukali wake wote, haijateremka mtoni.

Nilipokuwa kidato cha tatu, mwaka ambao mgongo ulimsumbua sana, baba aliyachoma majani. Alitaka kupunguza kazi ya siku nne iwe ya asubuhi moja. Upepo ukageuka. Moto ukapanda mpaka kwenye kahawa ya jirani, ukala miche iliyokuwa inazaa kwa mara ya kwanza, ukala na vichaka vya juu kabisa ambavyo havikuwa vya mtu. Nilikuwa likizo. Nakumbuka baba akipiga moto kwa matawi mabichi huku analia, na nakumbuka kinyonga mmoja, mweusi kama mkaa, amelishika tawi lake vilevile alivyolishika alipokuwa hai.

Jirani alisamehe. Baba alimpandia miche mingine kwa mikono yake na wakanywa pamoja. Akaenda kitubio, na padre naye akamsamehe. Lakini jioni baba aliendelea kupanda kwenye kile kipara cheusi, anavua kofia, anakaa chini. Siku moja nilimfuata.

"Baba, unafanya nini huku?"

"Naomba msamaha."

"Si umeshasamehewa?"

"Na padre, ndiyo. Na jirani, ndiyo." Akachukua jivu kidogo, akalisugua kati ya vidole. "Kilima bado."

Nilicheka. Nilikuwa binti wa miaka kumi na saba, nikaona ni neno zuri la mtu aliyechoka. Sikujua kwamba mbele ya macho yangu mtu alikuwa anaanza kuhama. Baba alikuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu. Hakugombana na Kanisa, hakukosewa na mtu. Alikwenda tu kukiomba kilima msamaha, akakaa pale miezi, na siku moja, kama alivyokuja kuniambia, akahisi amesikilizwa. Na kama kilima kinasikia, alisema, basi Mungu hakukiumba akakiacha. Yumo.

Alianza kuyasema hayo pole pole. Katika jumuiya yetu watu hukutana kila wiki nyumba kwa nyumba, wakasoma neno, kisha mmoja akalifafanua. Zamu yake ilipofika, baba aliwaambia kwamba yeye hamwoni tena Mungu juu kama mwenye nyumba anayechungulia dirishani. Anamwona ni udongo, ni mvua, ni majani yaliyozikwa na maharage yanayotoka.

"Na kuni hizi tulizochemshia chai?" aliuliza mama mmoja mcheshi.

"Nazo."

"Basi jamani, leo tumekunywa chai ya Mungu, na mwenye nyumba ametubania sukari!"

Walicheka mpaka mtoto mmoja akaamka. Katekista peke yake hakucheka. Alikuwa rafiki wa baba tangu utoto. Walichunga mbuzi pamoja, wakapata Kipaimara siku moja. Alipoaga alimshika mkono mlangoni, akamwambia kwa sauti ndogo, "Mwenyekiti, angalia. Mtu akimpanua Mungu kupita kiasi, humkosa."

Baada ya hapo baba aliacha uenyekiti mwenyewe. Kisha Jumapili zikaanza kumpita. Mama alivaa kitenge chake, akashuka kanisani peke yake, na baba akabaki shambani. Alikuwa anasali, alisema.

Kwa mama jambo hili halikuwa dogo. Yeye ni mtu wa ziwani, kutoka Mbaha, binti wa familia ya Waanglikana; mjomba wangu bado husoma masomo katika kanisa lao. Alipoolewa huku mlimani aliacha kanisa la baba yake, akafundishwa upya, akapokelewa katika kanisa la mumewe, ili, kama alivyozoea kusema, siku ya mwisho wasije wakatafutana. Baba alimtania maisha yake yote. "Ninyi wa ziwani mkikosa dagaa siku mbili mnaugua." Naye akajibu, "Na ninyi wa mlimani mkimwona samaki mzima mnamwamkia shikamoo." Ndoa yao ilisimama juu ya utani huo na juu ya ile ahadi ya kutokutafutana. Sasa aliyehamia alikuwa amebaki ndani, na mwenye nyumba ametoka nje.

Mimi wakati huo nilikuwa Dar es Salaam, naandika. Nilikuwa nimejiunga na vijana wenzangu wa kalamu. Tulikutana Jumamosi, tukasomeana, tukabishana kwa sauti za watu ambao hawajawahi kumzika mtu wao. Huko ndiko nilikoacha kuamini. Haikuwa kwa uchungu. Siku moja nilitafuta imani ndani yangu kama mtu anayetafuta funguo mfukoni, nikakuta mfuko mtupu, nikashangaa kwamba natembea vizuri tu bila hiyo.

Kwa hiyo nilipokuja likizo ya mwezi wa kumi na mbili, nilikuwa nimekuja na furaha ya ajabu. Niliamini nimepata mwenzangu nyumbani. Toka Songea mpaka Kitai nilihesabu malori ya makaa ya mawe yanayotoka Ngaka, na nilipofika nilimsimulia baba jinsi vumbi lao lilivyoyaficha majani ya barabarani.

"Makaa nayo yalikuwa msitu," alisema baba. "Mungu amelala humo siku nyingi."

"Na lori, baba?"

"Lori nalo."

"Na choo chetu kile cha shimo?"

Akafikiri. "Hicho nacho. Ila huko siendi kusali."

Tulicheka hadi tukashika matumbo. Tulikuwa tunapalilia mahindi juu ya matuta, nami nikaona nafasi yangu. Nilimwambia, "Baba, kwa nini tusisemane ukweli? Wewe na mimi tuko sawa. Mimi nasema kuna kilima, kuna mvua, kuna maharage, basi. Wewe unasema kuna kilima, kuna mvua, kuna maharage, na vyote ni Mungu. Hesabu vitu vyangu, hesabu na vyako. Umezidi nini? Jina tu."

Baba aling'oa gugu moja, akalilaza juu ya tuta mizizi ikiangalia jua, akasogea mbele.

Wiki ile zamu ya jumuiya ilikuwa kwetu. Mama alifagia uwanja mara mbili. Alikuwa amepika mihogo na dagaa aliotumiwa kutoka Mbaha, na nilimwona akibadilisha vitambaa vya viti, akivirudisha, akivibadilisha tena. Baadaye nilielewa. Alikuwa amekwenda kwa katekista kwa siri, akamwomba amrudishe mumewe taratibu, mbele ya watu wanaompenda, bila paroko, bila aibu. Na katekista alikuwa amekubali.

Baada ya kusoma neno, katekista alimgeukia baba. Alisema kwa utani, ili iwe rahisi. "Mwenyekiti wetu wa zamani, wewe umetuchanganya vya kutosha. Sisi hatutaki maelezo. Simama tu, tusali Nasadiki pamoja, wewe ututangulie. Basi. Mengine yote utabaki nayo shambani kwako."

Baba alisimama. Ninayaandika haya nikiiona ile kofia mikononi mwake, anaizungusha. Alimwangalia mama. Mama alikuwa ameangalia chini, na midomo yake ilikuwa imeshaanza, bila sauti, kumtangulia katika ile sala ya imani. Baba alivuta pumzi na kufungua mdomo.

Nami nikasema, "Jamani, msimlazimishe mtu."

Wote wakanigeukia. Ningeweza kuishia hapo. Lakini nilikuwa kijana, nilikuwa na hoja, na kwa siku nyingi nilikuwa nimeipamba ile hoja kama bibi harusi. Nilisema, "Baba yangu haamini tena kama mnavyoamini, na si vibaya. Yeye na mimi ni wamoja. Mimi nasema Mungu hayupo. Yeye anasema Mungu ni kila kitu. Chukueni kijiko cha chumvi, kikorogeni ziwani kule Mbaha. Kisha chota maji uonje. Utasema bado una chumvi? Mungu aliyeenea kila mahali ni chumvi ziwani. Hakuna tofauti kati ya baba na mimi, ila mimi nimekuwa na ujasiri wa kusema maji ni maji."

Hakuna aliyecheka safari hii. Mama mcheshi alijifunga upya kanga yake. Katekista alisema, "Tumesikia," akafunga kitabu. Na baba, ambaye mdomo wake ulikuwa umefunguliwa kwa jambo ambalo sitalijua kamwe, aliufunga na kukaa.

Nilidhani nimemtetea.

Mwezi wa kwanza, kabla sijarudi mjini, tulishuka wote watatu Mbaha kuwasalimia ndugu wa mama. Gari lilituteremsha kona kwa kona mpaka joto la ziwani likatupokea usoni. Asubuhi mama alikuwa ufukweni na wanawake wenzake, wakianika dagaa kwenye vichanja, sauti yake imerudi kuwa ya msichana, Kinyasa kikimtoka kwa kasi ambayo huku mlimani huwa hana wa kumpa. Baba alikunja suruali, akaingia majini mpaka magotini. Nilimfuata. Alichota maji kwa kiganja, akanywa.

"Nimeonja chumvi yako," alisema.

Hakuwa ameligusa neno lile tangu siku ya jumuiya. "Umeikuta?"

"Haijapotea. Wewe ndiye umepoteza ulimi."

Hakusema kwa ukali. Aliosha uso kwa yale maji, akabaki ameangalia mbele ambako ziwa na mbingu vilikuwa havijaachana bado. "Ukiangalia hapa unaona maji," akasema. "Mimi nami naona maji. Hapo ni kweli, tuko sawa. Lakini mimi nayasemesha."

"Na yanakujibu?"

"Ulipokuwa mchanga nilikusemesha kutwa, na wewe ulikuwa umenitolea macho tu. Ningeacha?"

"Baba, mimi nilikuwa mtu."

"Wakati ule nilikuwa sina ushahidi," alisema, na akanimwagia maji.

Hayo ndiyo mabishano yetu ya mwisho, nami nilidhani nimeyashinda kwa sababu yeye aliishia kwenye mzaha. Nilirudi Dar es Salaam. Mwezi wa tatu mama alinipigia simu, akasema baba tumbo limemvimba na macho yamekuwa ya njano, na kwamba hospitali imewarudisha nyumbani. Nilipofika alikuwa bado anaongea. Aliniuliza kama majani yamekauka.

Alikuwa ameyafyeka mwenyewe kabla hajalala kitandani, akayapanga, miraba yote, kilima chote cha chini ya nyumba. Kazi ya wanaume ilikuwa imekwisha. Kilichobaki kilikuwa cha mama na changu.

Mama alimsihi aite padre. Alikubali bila ubishi. "Mwite. Ila akija apitie shambani kwanza." Mama alituma ujumbe. Mvua ikanyesha siku mbili mfululizo, barabara ikawa utelezi ambao hata bodaboda waliukataa, na siku ya tatu asubuhi, jua lilipotoka na majani ya kahawa yakang'aa kama yaliyopakwa mafuta, baba akafa mkono wake ukiwa katika mkono wa mama. Mimi nilikuwa nje, nachemsha maji.

Katekista alikuja siku hiyohiyo, miguu yake imejaa matope mpaka magotini. Alilia kwanza. Alikaa karibu na mwili wa rafiki yake na akalia bila kujificha. Kisha akatuita, mama na mimi, tukakaa upande wa jikoni.

"Mama," akamwambia mama yangu, "unajua utaratibu. Marehemu hajaonekana kanisani miaka mingapi sasa. Hilo peke yake ningeliombea. Ningemwambia paroko alikuwa mgonjwa, alikuwa mzito, alikuwa njiani kurudi. Lakini yapo yale maneno ya siku ile. Watu wote waliyasikia, na yamemfikia paroko. Mwanawe mwenyewe wa kumzaa alisema baba yake ni sawa na asiyeamini. Na yeye alisimama pale, hakukanusha."

Hapo ndipo mama aliponiangalia.

"Sasa nakuuliza wewe," katekista akanigeukia. "Wewe ndiye uliyesema hakuna tofauti. Leo unasemaje?"

Ningeweza kudanganya. Ningesema baba alisali Nasadiki kitandani, mama angeitikia, na baba angezikwa kwa maji ya baraka na nyimbo. Hata sasa sijui kwa nini sikudanganya. Pengine ni kwa sababu katika nyumba ile mtu mmoja tu ndiye aliyewahi kunisemesha kana kwamba ukweli una uzito, na alikuwa amelala chumba cha pili amefunikwa shuka.

"Nilikosea," nikasema. "Tofauti ipo."

"Ipi?"

Vitabu vyote nilivyosoma vilinikimbia. Nilianza kusema bila kujua nitaishia wapi. "Unakumbuka moto ule. Baba alikwenda kukiomba kilima msamaha, jioni baada ya jioni, mpaka akaridhika. Mimi leo nimemkosea baba, na sina pa kwenda. Kwangu mimi amekwisha. Nikimwambia samahani nauambia ukuta. Lakini ingekuwa ni yeye amekosa, angetoka nje sasa hivi, angeliambia tuta lolote, jani lolote, na angesikilizwa, kwa sababu kwake hakuna mahali pasipo na mtu. Hiyo ndiyo tofauti. Yeye alikuwa na wa kumwomba. Mimi sina."

Nilikuwa nalia. Katekista aliniacha nimalize. Alikuwa na uso wa mtu aliyepewa zawadi asiyoweza kuibeba.

"Ni kweli ulichosema, mwanangu," alisema mwishowe. "Lakini umenionyesha tofauti kati yake na wewe. Mimi nilikuja kutafuta kwamba hana tofauti na sisi."

Akatoa simu mfukoni, akaishika bila kuibonyeza. "Paroko ameniuliza jambo moja. Siku ile, kabla hujasema, alitaka kusali au hakutaka?"

"Alifungua mdomo," nikasema.

"Akasema nini?"

"Nilimkatiza."

Alitoka uani kuzungumza na paroko. Hakukaa muda mrefu. Aliporudi hakuhitaji kutuambia.

Mjomba alifika kutoka Mbaha na ndugu wengine, viatu mikononi kwa sababu ya tope. Aliposikia, alimvuta mama pembeni. "Dada, turudishe mambo nyumbani. Mimi nitamsomea. Kasisi wetu namfahamu, hatakataa. Tumteremshe ziwani, azikwe kwa heshima kama mkwe wetu."

Mama alimshika bega. "Asante kaka. Lakini mimi nilihamia kwake nikiwa hai, kwa miguu yangu. Yeye siwezi kumhamisha akiwa maiti, hawezi tena kuulizwa."

Tulimzika pembeni mwa shamba, upande wa juu wa ile miraba ya majani, maana makaburi ya kanisa la kigango yalikuwa yamefungwa kwake. Vijana wa kijiji walichimba. Katikati ya kazi katekista alifika, hakuvaa kanzu, amevaa fulana ya shambani na ana jembe lake begani. Hakumsalimu mtu. Alishuka kaburini, akachimba pamoja nao, akawa wa mwisho kutoka. Jeneza lilipoteremshwa hapakuwa na wimbo. Watu wa milima yetu huimba kwenye mazishi hata wakiwa wamegombana na marehemu. Siku ile walisimama na mikono yao haijui pa kukaa. Nilisikia udongo ukianguka, donge kwa donge, na chini kabisa bondeni mtu anachanja kuni, bila habari. Mara mama akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayeagiza mtu dukani, "Mume wangu, haya."

Siku ya nne aliniamsha mapema, akanipa jembe.

"Mama, bado tuko matangani."

"Majani hayangoji matanga. Yakinyeshewa hivi hivi yataozea juu."

Tukashuka. Sikuwa mzuri wa kazi ile. Tangu sekondari nilikuwa nimeitoroka. Mama alichimba katikati ya mraba, akarushia udongo pande nne bila kuangalia, akahamia mwingine, na mimi nyuma yake, matuta yangu yamepinda kama mistari ya mtoto anayejifunza kuandika. Majani yalikuwa bado na alama ya mkono wa baba. Aliyalaza yote kichwa upande mmoja. Tuliyafunika mraba mmoja mmoja, na kila mraba nilihisi tunamzika tena, safari hii kwa utaratibu.

Karibu na saa sita mama alisimama, akaegemea mpini.

"Wewe umesoma," alisema. "Niambie. Nikifa mimi nitakwenda ninakoamini. Baba yako kama alisema kweli, amekuwa udongo na mvua na kila kitu. Kama unasema wewe kweli, hayupo. Kwa vyovyote vile, mimi nitamkuta wapi?"

Hapo ndipo nilipoona kwamba ile hoja yangu ya chumvi, pamoja na ubaya wake wote, haikuwa uongo mtupu. Kwa mama, baba na mimi tulikuwa kweli kitu kimoja. Sote wawili tulikuwa tumemwondolea mtu wa kumngojea mlangoni, mtu mwenye jina na kofia na utani kuhusu dagaa. Mmoja alikuwa amemmwaga kila mahali, mwingine amemfuta, na mjane anayetafuta mkono wa kushika anabaki na mkono mtupu. Tofauti niliyomweleza katekista ilikuwa tofauti ya mwenye kosa. Mwenye upendo aliyeachwa ana swali jingine.

"Sijui, mama."

"Haya," alisema. "Chimba."

Tulimwaga maharage na kuyafukia. Matanga yalipokwisha nilirudi Dar es Salaam. Sikwenda tena kwa wenzangu wa Jumamosi kwa muda mrefu. Mara nyingi nilijaribu lile jambo la baba: nilisimama uwanjani nyuma ya chumba changu, chini ya mwarobaini wenye vumbi, nikasema samahani. Nilijiona mjinga. Mwarobaini ulikuwa mwarobaini. Sijaongoka, na nisingependa msomaji adhani hivyo. Nilisema tu, na sikusikilizwa, na kesho yake nikasema tena.

Maharage yalipokomaa nilipanda kwenda nyumbani kuvuna. Yalikuwa yamezaa vizuri kuliko miaka yote ninayoikumbuka, hata jirani yule wa moto alikuja kuangalia, akatikisa kichwa. Mama alikuwa amekonda. Jumapili alikuwa bado anashuka kanisani peke yake, na aliporudi alipitia kwanza pembeni mwa shamba na kitenge chake kizuri, akasimama kidogo, ndipo akaingia ndani kubadilisha nguo.

Mchana ule alipika maharage mapya na ugali. Alitenga, akafanya ishara ya msalaba kama alivyofanya siku zote, kisha akabaki ameshika tonge bila kula. Kutoka mlangoni tuliliona shamba lote, matuta yakishuka, na juu yake lile tuta moja refu la kaburi. Nilijua anachofikiri, kwa sababu nami nilikuwa nakifikiri: kwamba majani aliyoyalaza baba kwa mkono wake yameoza mle, na mvua iliyopita juu yake imeshukia mle, na sasa vyote viko kwenye bakuli.

"Kula," akaniambia. "Wewe si ndiye uliyesema hakuna kitu?"

Hakuwa na ukali, lakini hakuwa anatania. Nilichukua maharage, nikayatia mdomoni. Nilitafuna kwa muda mrefu, nikiyaangalia magoti yangu, na nilipoweza kumeza nilisema neno la kwanza lililonijia, ili mradi nisilie mbele yake.

"Mama, umesahau chumvi."

Mama alichota kidogo kwa ncha ya kidole. Akaonja. Akaangalia nje, kule shambani.

"Imo," alisema.